Jinsi ya Kulala kwenye Jeneza la Mrusi

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, ninyi mliojiandikisha klabu ya maigizo kwa sababu mmesikia kuna soda, karibuni. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na kazi niliyostaafu ni ya maiti. Msicheke. Au chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu mmoja wenu ndiye atakayelala pale nilipokuwa nalala mimi, na nikiwatazama urefu naanza kumwona ni nani.

Mchezo wenyewe ni wa Kirusi, wa zamani sana, wa enzi za farasi na makoti. Tajiri mmoja amekufa katikati ya baridi kali. Ardhi imeganda kama zege, jembe haliingii, kwa hiyo hazikwi mtu mpaka theluji iyeyuke. Basi jeneza linawekwa sebuleni na familia nzima inalizunguka: inakula, inagombania nyumba, inalia, inakula tena. Mchezo mzima ndio huo. Tajiri haongei neno hata moja na hatoki jukwaani hata kwenda kujisaidia. Huyo tajiri ndiye mimi.

Shule yetu iliwahi kuucheza zamani, na wanaokumbuka wanasema wachezaji walivaa makoti ya kuazima kwenye joto la Oktoba mpaka Mrusi mmoja akazimia. Mwalimu Rehema, mlezi wetu, akasema safari hii tunaufufua kwa namna ya leo. Tajiri akawa mfanyabiashara wa tumbaku wa hapahapa Tabora mjini. Anatakiwa akazikwe kwao kijijini, lakini mvua imekata barabara na gari haliendi mbele wala nyuma. Wajukuu wanatukanana kwenye grupu la familia, simu zinalia juu ya jeneza, na yale majina ya Kirusi marefu kama treni ya mizigo yakatupwa yote.

Theluji ndiyo aliyoshindwa kuiacha. Alitaka mjane aote ndoto ya theluji. Tukaletewa gunia la pamba kutoka Igunga, tukapanda juu ya dari, tukaimwaga. Mjane akapiga chafya, wajukuu wakapiga chafya, na mimi maiti nikapiga kubwa kuliko wote. Theluji ikafutwa siku hiyohiyo. Pamba ikabaki, na vipande viwili vikaishia kwenye pua yangu, maana Mwalimu alisema marehemu asiye na pamba puani haaminiki.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kupumua. Pua imezibwa, unatumia mdomo. Usiachame kama samaki. Acha midomo iachane kiasi cha kupitisha karatasi, na vuta hewa wakati wengine wanapiga kelele. Ukoo ukigombana, hapo ndipo pa kupumulia. Wakinyamaza wote, na wewe nyamaza kifua. Somo la pili, pua itawasha. Haiwashi kwa sababu kuna kitu, inawasha kwa sababu inajua huwezi kuikuna. Peleka mawazo kwenye kifundo cha mguu mpaka isahau. Somo la tatu ni maharage ya bwaloni, na hilo sihitaji kulieleza.

Aliyenifundisha kazi si Mwalimu Rehema. Ni Fundi Mathayo, seremala wa Isevya anayetengeneza majeneza. Ndiye aliyekuwa anatuazima. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe bwaloni, akasimama juu yangu na penseli sikioni.

"Umefunga macho kama mtoto anayeogopa sabuni," akasema. "Marehemu hafungi macho. Macho yanamwachia. Legeza."

"Nalegeza, fundi."

"Marehemu haitiki."

 Akanizunguka. Akaniambia mikono yangu imebana kama ya mtu aliyeficha kitu, na vidole vya miguu vimesimama kama vinasikiliza taarifa ya habari. Akanirekebisha kimojakimoja, polepole, mpaka ikanijia kwamba mikono ile imezoea kufanya hivyo kwa watu ambao hawasemi asante.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtaambiwa na mtu mwingine. Majeneza yale yalikuwa ya kuuza. Kila tulipofanya mazoezi lilikuja jingine. Mara ya pili nikamuuliza lile la kwanza liko wapi.

"Limepata mwenyewe," akasema, kama mtu anayezungumzia kiti.

Siku moja nimetumwa sokoni, nikaliona jeneza langu jeupe la wiki ile, lile lenye doa la rangi karibu na mpini, limefungwa juu ya gari na kanga zinapepea madirishani. Nililijua hata kabla ya kuona doa. Mgongo wangu ulilijua. Nilikuwa nimelipasha joto kabla ya mwenyewe. Usiku huo sikulala chali, na mpaka leo silali chali.

Ndiyo hofu ya kazi hii, na msidanganywe na mtu kwamba mtaizoea. Ukiwa umelala mle, macho yamefungwa, masikio yanakuwa makubwa. Unasikia mbao zikitulia. Unasikia watu wakikuzungumza kama haupo. Dakika za mwanzo unacheka moyoni. Baadaye unaanza kujipima kama bado unaweza kusogeza kidole, na huruhusiwi kujaribu.

Lakini hayo ni mambo madogo. Kubwa lilinipata Siku ya Wazazi.

Lazima mumjue Bibi yangu. Ni mama yake baba, anakaa Usoke, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki mpaka nilipokuja huku sekondari. Ananiita mume wangu, kama bibi zenu wanavyowaita ninyi. Tangu alipomzika baba ana ugonjwa wa moyo. Alianguka palepale makaburini, na daktari akasema mama huyu asipate mshtuko, mshtuko mwingine unaondoka naye. Basi nyumbani kwetu habari mbaya haisemwi moja kwa moja. Hata kuku akifa, Bibi anaanza kuambiwa kwamba kuku amepoteza hamu ya kula.

Siku ile, mchana, bwalo limejaa. Mimi niko jenezani nyuma ya pazia, suti ya kuazima, shuka jeupe mpaka kifuani, pamba puani, viatu vya mwalimu wa taaluma miguuni. Nalegeza macho kama nilivyofundishwa. Nikasikia sauti ya Shangazi, yule ninayekaa naye hapa mjini.

"Mama, kaa hapa mbele. Utamwona vizuri."

Kisha kikohozi. Nakijua kikohozi kile tangu nikiwa mgongoni.

"Nimwone mume wangu akiwa tajiri," Bibi akasema, "na mimi nife nimetulia."

Nikaketi jenezani. Neema alikuwa anafunga kanga yake ya ujane. Neema ni jirani yetu, darasa moja na mimi.

"Lala wewe! Pazia linafunguliwa!"

"Bibi yangu yuko mstari wa mbele."

"Bibi yupi? Wa Usoke? Wa moyo?"

"Huyohuyo. Nani kamwambia aje?"

Neema akashika mdomo. "Jamani. Mimi nilimwambia shangazi yako unacheza tajiri. Akafurahi kweli."

"Na maiti hukumwambia?"

"Hakuuliza!"

Mwalimu Rehema akaja mbio. Tukamweleza. Uso wake ukabadilika, lakini ni mtu wa kufikiri haraka. Akasema, "Lala. Nakwenda kumweleza shangazi yako amtoe nje kidogo. Hatufungui mpaka nirudi." Akashuka kwa ngazi ya pembeni.

Kijana wa pazia alikuwa ameambiwa kitu kimoja tu tangu asubuhi: ukisikia makofi, vuta. Na dakika ileile mgeni rasmi akaingia bwaloni, wazazi wote wakasimama wakampigia makofi.

Akavuta.

Niliangusha kichwa kwenye mto, nikafunga macho. Mwanga wa mchana ukaniangukia usoni, nikauona mwekundu ndani ya kope.  Mtoto mmoja akauliza, "Mama, kafa kweli?" Akaambiwa kelele.

Nikasubiri yowe la Bibi. Halikuja.

Wadogo zangu, yowe ningejua la kulifanyia. Kimya kile ndicho kilichoninyong'onyeza. Nikasikiliza kikohozi, na kikohozi hakipo. Bibi hukohoa hata akiwa usingizini. Nikaona picha: amekaa vilevile kwenye kiti, mkongojo mapajani, macho wazi, amekwisha, na watu wanadhani anatazama mchezo. Nikataka kuamka. Halafu nikafikiri: huyu mama anamwona mjukuu wake maiti, na sasa maiti huyo anainuka na pamba puani? Nikiamka namuua. Nisipoamka namuua. Jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio, na maiti hatoki jasho.

Mchezo ukaendelea, maana mchezo ukishaanza hauna breki. Neema akafika sehemu yake ya kuniangukia kifuani na kulia. Nikanong'ona bila kusogeza midomo, "Bibi vipi?"

Neema ni fundi, siwezi kumnyima sifa. Akainua sauti:

"Eeeh mume wangu umeniachaaa," halafu chini chini, "amekaa tu," halafu juu, "umeniacha na naniii," halafu chini, "hapepesi macho," halafu, "nani atanifunika mieee," halafu, "Mwalimu amekwama, njia imejaa wageni."

"Anapumua?"

"Sijuiii, mume wangu, sijuiii!"

Wazazi wakalia kwa uchungu wa mjane yule. Mama mmoja akapenga makamasi. Mimi nilikuwa nahesabu ukimya wa mtu mmoja tu.

Sijui ulipita muda gani. Wajukuu waligombania nyumba, simu zikalia, mabati yakapigwa nyuma ya jukwaa yawe mvua. Mwishowe ikaja habari kwamba barabara imefunguka, na vijana wanne wakaja kuninyanyua. Hapo ndipo mchezo unapoisha: marehemu anatolewa, mjane anabaki peke yake. Wakashika mipini.

"Mnampeleka wapi?"

Sauti ilitoka katikati ya bwalo, na haikuwa ya mchezaji. Nikasikia viti vikisukumwa. Nilimtambua kwa sauti: Mzee Pazi, Mzaramo aliyestaafu reli akabaki hapa Tabora, ana mjukuu kidato cha pili. Ninyi watoto wa simu pengine hamjui, basi jueni. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwa miguu kutoka huku mpaka Pwani na kupita kwao. Mnyamwezi akifa, Mzaramo ana haki ya kumtukana marehemu, kuzuia jeneza, na kudai kitu chake ndipo azikwe. Na si haki tu, ni wajibu. Mzee Pazi alikuwa amekaa kitako muda wote akitazama msiba wa Mnyamwezi usio na mtani hata mmoja, na nadhani aliona aibu. Akapanda jukwaani.

"Mnyamwezi hazikwi bure!" akasema, na mkongojo wake nikausikia ukilazwa juu ya jeneza. "Tazameni miguu hii! Imepanuka kwa kubeba mizigo ya babu zangu! Kwenye kula alikuwa mbele, kwenye kubeba nyuma, leo kalala moja kwa moja, mvivu mkubwa!"

Bwalo lilipasuka kwa kicheko. Akanishika mguu.

"Viatu hivi ni vyangu." Akavua cha kulia. "Ala! Tajiri gani huyu, soksi imetoboka?"

Mimi, wadogo zangu, nilijing'ata ulimi. Kicheko kilikuwa kinapanda na hofu inapanda.

"Mzee, tafadhali," Neema akasema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, si ya mjane.

"Sisogei. Sizungumzi na watoto. Mwenye msiba aje. Mwenye msiba ni nani hapa?"

"Ni mimi."

Mstari wa mbele. Sauti ya Bibi.

Kicheko kilikatika kama mtu kazima redio. Nikasikia mkongojo mwingine, mdogo, ukigonga ngazi za jukwaa. Shangazi anasema, "Mama, mama, subiri," na Bibi hasubiri. Yu hai, nikasema moyoni. Yu hai, na anakuja, na akifika karibu ndipo atakapoanguka. Ataniona jenezani kwa karibu.

"Mzaramo," Bibi akasema, "ondoka hapo na njaa yako. Kwenye msiba wa mwanangu hukuja kudai."

"Mwanao yupi, mama?" Sauti ya Mzee Pazi ilikuwa bado na utani.

"Baba yake huyu."

Utani ukamtoka. "Sikupata habari, mama yangu."

"Hakuna aliyepata. Alifia mbali. Wakatuletea sanduku limeshafungwa, wakasema lisifunguliwe. Nikawaambia nataka kumwona, wakasema, mama, bora usimwone. Tukazika sanduku."

 Nikasikia harufu ya ugoro, nikajua ameinama. Mkono wake ukanigusa kipaji cha uso. Ukashuka kwenye nyusi, ukapita juu ya pua, ukagusa pamba, ukazunguka kidevu. Polepole, kama mtu anayechagua mchele. Moyo wangu ulikuwa unapiga kiasi kwamba niliona shuka litamwonyesha.

"Uso ndio huu," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Nikasikia Mzee Pazi akihema. Kisha mguu wangu ukashikwa, kiatu kikarudishwa taratibu, kamba ikafungwa. "Pole, mama," akasema. "Nimekuja nimechelewa. Mtani wako nimefika."

"Umefika," Bibi akajibu. Halafu akasema kwa wale vijana wanne, "Haya. Fungeni."

Mchezo wetu haukuwa na kufunga. Kifuniko kilisimamishwa ukutani kama pambo, kwa sababu marehemu lazima aonekane mpaka mwisho, na kwa sababu mimi nilikwisha waambia kwamba atakayenifungia nitamfuata usiku nikiwa hai.

"Bibi," Neema akasema kwa sauti ndogo, "huwa hatufungi."

"Nimeshamwona. Sasa afungwe."

Ningeweza kukohoa. Kukohoa kidogo tu, watu wangecheka, Bibi angeshtuka, ningekuwa nje. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kipaji changu, na nikagundua kitu: ulikuwa hautetemeki. Mkono wa Bibi hutetemeka akishika kikombe. Hapo ulikuwa umetulia kabisa.

Sikukohoa. Mkono ukaondoka. Mbao zikaburuzwa sakafuni, na ule mwekundu ndani ya kope zangu ukawa mweusi.

Giza la mle silo giza la chumbani. Lina harufu ya vanishi na linakugusa. Nilifungua macho, hakukuwa na tofauti. Nilivuta hewa kwa mdomo na ilikuwa hewa niliyoitoa mwenyewe. Juu yangu kiganja kikapiga kifuniko, mara moja, tena, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kisha Bibi akaanzisha wimbo wa kanisa la Moraviani, ule wanaoimba kwao mtu akitolewa nyumbani, na bwalo zima likaitikia. Sauti za watu mia na zaidi zilinifikia kama zinatoka chini ya ardhi. Halafu nikafikiri, hapana, walio chini ni sisi. Nikasema "sisi". Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wakaninyanyua, miguu ikashuka kichwa kikapanda, na kwa muda fulani, sitawadanganya, sikujua aliyebebwa ni mimi au ni baba.

Wakanitua. Nje, nyuma ya bwalo, nilisikia sufuria za jikoni. Kifuniko kikaondolewa, hewa ikaingia, na nyayo za wale vijana zikaondoka haraka kuliko kawaida. Mimi sikuamka. Nilikuwa bado sijui nikiinuka nitamfanya nini. Nikabaki nimelegeza macho, mikono ilivyopangwa.

Mkongojo ukaja ukasimama kando ya kichwa changu. Akakohoa.

"Haya, amka, mume wangu. Yule amekwenda. Wewe twende ukale."

Nikaketi. Jua lilikuwa kali. Akanitoa pamba puani mwenyewe, hakuitupa, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Moyo wako, Bibi?"

"Upo."

Alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Akanipa mkono nitoke, nikatoka. Ndipo akanivuta karibu, akasema kwa Kinyamwezi, ile sauti ya nyumbani, kwamba humu nisirudi tena. Safari hii wenyewe wameona ni utani, akasema. Safari nyingine hawatauliza kama ni mchezo.

Sikumuuliza wenyewe ni akina nani. Hakuwa ananitazama mimi wakati anasema, alikuwa anatazama jeneza, na Fundi Mathayo alikuwa amekwisha fika kulichukua, likamsubiri mwenyewe.